Mikutano ya wanaoacha pombe: kuipata, kuingia, na kujua kama kikundi kinakufaa

Mtu anayetafuta mkutano wa kuacha pombe kwa mara ya kwanza hukutana na orodha iliyoandikwa kana kwamba yeye ni mwenyeji: siku, saa, jina la kikundi lisilomweleza kitu, na pembeni herufi mbili tatu zisizofafanuliwa popote. Wengi huishia hapo. Wengine huchagua mkutano wowote ulio karibu, wanakwenda mara moja, wanakuta watu wanane wakisoma kitabu kwa zamu, wanarudi nyumbani na kusema walijaribu ikashindikana. Walichokijaribu ni kikundi kimoja, jioni moja. Vikundi viwili vya jina moja hutofautiana kama madarasa mawili yenye walimu wawili, hata kama kitabu ni kilekile.

Mkutano ni nini

Mambo matatu huchanganywa. Hospitali au kituo cha tiba hushughulika na mwili: kuutoa kwenye pombe bila kuuhatarisha, na kutoa dawa zinazohitajika. Mshauri nasaha hushughulika na mtu mmoja mmoja, hulipwa, huweka kumbukumbu, na hubanwa na maadili ya taaluma yake. Mkutano hauna hayo yote. Hauna faili, hauna ada, wala mara nyingi hauna mtaalamu mbele ya chumba. Ni watu ambao pombe iliwatawala, wanaokaa pamoja saa moja au moja na nusu na kuelezana wanavyofanya ili siku ya leo ipite bila kunywa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mtindo huu wote umejengwa juu ya wazo hilo.

Asili yake inaeleza mengi yanayomshangaza mgeni. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi michache bila pombe, alikwama mjini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akaanza kupiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hakutafuta wa kumwokoa. Alitafuta njia ya kujizuia yeye mwenyewe. Alikutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, na siku inayotajwa kuwa Smith alikunywa mara ya mwisho, Juni 10, 1935, ndiyo Alcoholics Anonymous, au AA, huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Ndiyo sababu mgeni hupokewa kwa uchangamfu unaoweza kumtia shaka kwamba kuna kitu anauziwa. Hauziwi kitu wala hafadhiliwi. Mwenye miaka 10 bila pombe anamhitaji mwenye siku moja.

Je, inasaidia? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, taasisi inayochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika sehemu iliyolinganisha watu walioongozwa kuingia AA na waliopata tiba nyingine zinazokubalika, baada ya mwaka mmoja asilimia 42 ya wa kwanza hawakuwa wakinywa kabisa, dhidi ya asilimia 35 ya wengine. Si muujiza, lakini si kidogo kwa kitu kisicho na ada. Jambo la kushika hapo ni neno "walioongozwa". Sehemu kubwa ya washiriki hao hawakupewa karatasi yenye anwani na kuambiwa nenda. Walikuwa na mtaalamu aliyewaandaa, akawauliza walikwenda wapi na waliona nini, na mara nyingine akawaunganisha na mwenyeji. Asiye na mtaalamu wa aina hiyo inabidi ajifanyie kazi hiyo mwenyewe.

Mwili kwanza

Anayekunywa kwa wingi kila siku, hasa yule anayeamka akitetemeka na kulazimika kuzimua ndipo mikono itulie, asiache ghafla peke yake kwa sababu tu amepata mkutano wa jioni. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unaponyimwa kilevi ulichokizoea, tofauti na ya vilevi vingi vingine, inaweza kuua. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza ndani ya siku moja tangu kinywaji cha mwisho, kwa wengine baada ya saa 6 tu. Kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa hutokea zaidi katika siku 2 za kwanza. Hali mbaya kuliko zote, ya kuweweseka, kuona maruweruwe, homa na kutojua mahali ulipo, huja kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 4, mara nyingi wakati jamaa wameshaanza kupumua wakidhani yamepita.

Aliyewahi kuanguka au kuweweseka alipoacha zamani, mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini au wa moyo, na anayetumia pia vidonge vya usingizi, aonane na daktari kabla ya kuacha. Tiba huwa ni dawa ya kutuliza kwa siku chache, kipimo kikipunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1, kwa sababu wanywaji wengi wamepungukiwa nayo na upungufu huo huharibu ubongo. Kwenda mkutanoni wakati huohuo hakuna ubaya. Asichofanya mtu ni kuugeuza mkutano kuwa zahanati.

Vikundi vya aina gani

AA ndiyo kubwa kuliko zote, ipo katika nchi zipatazo 180, na sehemu nyingi ndiyo pekee inayopatikana ana kwa ana. Hufuata Hatua 12, mpango wake wa kuacha pombe unaopitiwa hatua moja baada ya nyingine, ambazo zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", na mikutano mingi hufungwa kwa sala fupi. Msimamo wake rasmi ni kwamba sharti pekee la kuwa mwanachama ni nia ya kuacha kunywa, imani haiulizwi. Kwa vitendo, rangi ya dini hutofautiana sana baina ya vikundi, na vipo vikundi vya AA vinavyojitambulisha kuwa havina mwelekeo wa dini.

SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, hutumia mbinu za saikolojia ya kubadili fikra na tabia: kupima kwa maandishi faida na hasara za kunywa, kuchunguza hamu inapopanda, kubishana na wazo linalosema "moja tu haina neno". Huongozwa na mwezeshaji aliyefunzwa, ambaye si lazima awe aliwahi kuwa mlevi. LifeRing huzunguka chumba kwa swali la wiki yako imekwendaje na wiki ijayo umejipangaje. Women for Sobriety, iliyoanzishwa na Jean Kirkpatrick katika miaka ya 1970, ni ya wanawake na hutumia kauli 13. Recovery Dharma hutegemea mafundisho ya Kibuddha na kutafakari kwa kimya. Blue Cross, iliyoanza Uswisi mwaka 1877, ina misingi ya Kikristo. Moderation Management husaidia wanaotaka kupunguza badala ya kuacha. Kwa mtu aliyekwisha pata arosto kali, hilo si lengo la kuanzia.

Watu huchagua kati ya hizi kwa kuangalia dini. Kwa maoni yetu, kinachoamua zaidi kama utarudi ni kama watu humjibu msemaji au hawamjibu. Katika mikutano mingi ya AA mtu husema, watu humshukuru, anafuata mwingine. Kudakia, kushauri au kumsahihisha msemaji hakuruhusiwi. Aliyechoka kuhukumiwa nyumbani hupumzika mahali kama hapo. Aliyekuja na swali anaona amesema na ukuta. Katika SMART na LifeRing mazungumzo ni ya kujibizana, na hapo mambo hugeuka: mwenye swali anapata majibu, mwenye jeraha bichi anaweza kujisikia kama yuko kwenye usaili. Jua wewe ni yupi kabla ya kuvilaumu vikundi. Kuhudhuria viwili vya aina tofauti kwa wakati mmoja hakuna anayekataza.

Kwa jamaa wa anayekunywa kuna Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951. Mke au mume anayekwenda huko akitarajia kufundishwa namna ya kumwachisha mwenzake atakatishwa tamaa, maana mikutano ile inamhusu yeye.

Kusoma orodha bila kupotea

AA ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide inayoonyesha mikutano iliyo karibu nawe, na miji mingi ina ofisi ya pamoja ya vikundi yenye namba ya simu inayopokewa na wanachama. Mikutano ya mtandaoni huorodheshwa na Online Intergroup of AA, kwa lugha mbalimbali. SMART na LifeRing zina orodha katika tovuti zao. Mahali penye hospitali yenye wodi ya uraibu, muuguzi au ofisa ustawi wa jamii mara nyingi anajua kikundi ambacho hakimo kwenye orodha yoyote.

Herufi katika orodha za AA, ambazo nyingi hufuata Kiingereza, hutofautiana kidogo kutoka mji hadi mji, lakini za kawaida ni hizi. O ni mkutano wa wazi: yeyote anaweza kuingia, hata mwanafunzi wa udaktari au dada yako anayekusindikiza. C ni wa kufungwa: ni wa wenye tatizo la pombe au nia ya kuacha tu, na mgeni wa siku ya kwanza mwenye nia hiyo anahesabika. B ni wa wanaoanza. D ni wa majadiliano. SP una msemaji mmoja anayesimulia kwa muda mrefu huku wengine wakisikiliza. ST husoma Hatua moja moja, na BB husoma kitabu kikuu cha AA kilichochapwa mwaka 1939. W ni wa wanawake na M wa wanaume.

Kwa siku ya kwanza, mkutano wa SP wa wazi ndio rahisi kuliko yote, kwa kuwa hakuna atakayekutaka useme neno. Wa pili uwe B. Wa BB uuache kwanza. Kuingia katikati ya sura ya saba ya kitabu usichokijua ndiko kunakozaa ile hadithi ya watu wanane wanaosoma kwa zamu.

Orodha huchakaa. Vikundi huhama, hufa, au husimama wakati wa sikukuu bila mtu kukumbuka kuandika. Angalia tarehe ya mwisho orodha ilipohuishwa, na piga simu siku moja kabla. Uliza mambo matatu: mkutano bado upo, mlango ni upi, na nani hufungua. Swali la mlango si la kitoto. Mikutano mingi hukodi chumba cha nyuma katika jengo la ibada au la jamii, mlango mkubwa wa mbele umefungwa kwa kufuli, na mgeni aliyekusanya ujasiri kwa wiki tatu husukuma mlango huo mara mbili na kuondoka akiwa na kisingizio halali.

Kisha saa. Orodha ikisema 19:00, hiyo ni saa 1 usiku, na anayefanya hesabu hiyo kichwani kwa haraka huweza kufika saa nzima baadaye. Kwa mikutano ya mtandaoni inayoendeshwa kutoka nchi nyingine, angalia imeandikwa kwa saa za wapi. Nchi nyingi za kaskazini husogeza saa zake mbele kila Machi na kuzirudisha Oktoba au Novemba, hivyo mkutano uleule utakukuta saa tofauti kwa nusu ya mwaka. Mtu hukuta chumba kitupu, akadhani kikundi kimekufa, kumbe wenzake wamemaliza kitambo.

Ndani ya chumba

Fika dakika 10 kabla. Anayeingia mkutano umeshaanza hukaa nyuma karibu na mlango na kuondoka wa kwanza, na hilo linamgharimu kuliko anavyojua. Mtafute anayepanga viti, mwambie jina lako la kwanza na kwamba ni mara yako ya kwanza. Basi. Yeye atakuonyesha wengine.

Mfuatano wa AA hauna siri. Mwenyekiti wa siku hufungua, huenda kukawa na ukimya mfupi, husomwa maelezo ya kikundi ni nini, wageni huulizwa kama wangependa kujitaja, kisha wanachama husema mmoja mmoja, kwa kawaida dakika 3 hadi 5. Kapu hupitishwa. Fedha hizo ni za kulipia chumba na vitabu, kwani AA haipokei michango kutoka nje. Mgeni hatakiwi kutoa, na kulipitisha kapu bila kutia kitu hakumshangazi mtu. Baadhi ya vikundi hutoa sarafu ndogo za plastiki au chuma kwa waliotimiza saa 24, siku 30, siku 90, mwaka.

Ukifikiwa na zamu, sema "Naitwa fulani, leo nasikiliza tu." Huwajibiki kujiita mlevi. Wengi katika AA hujitambulisha hivyo, lakini hakuna anayekaguliwa. SMART kwa upande wake huliepuka neno hilo kabisa. Siku utakapoamua kusema, sema ya kwako na ya siku hizi. Usitaje majina ya watu wengine, na usiingie ndani mno kueleza ladha na utamu wa kinywaji, kwa kuwa pembeni yako anaweza kuwa ameketi mtu mwenye siku 2.

Kuna jambo ambalo wengi huliweka vibaya: siri ya mkutano ni makubaliano ya watu, haina ulinzi wa sheria kama ile ya daktari au wakili. Waliomo kwa kawaida huiheshimu kwa dhati, maana kila mmoja ana lake la kufichwa. Lakini kosa la jinai, jambo lililoko mahakamani, au siri ya kazini, halina haja ya kusemwa mbele ya watu ishirini. Lipeleke kwa wakili, mshauri au kiongozi wa dini. Anayehitaji karatasi ya mahudhurio kwa ajili ya mahakama au mwajiri amkabidhi katibu kabla ya kuanza. Kikundi husaini kwa hisani, si kwa wajibu, na vichache hukataa.

Ukiwa umekunywa siku hiyo, bado unaweza kuingia ili mradi huvurugi. Vikundi vingi humtaka aliyekunywa asikilize tu.

Sasa dakika 10 za mwisho, ambazo tungezichagua kama tungelazimika kuacha nyingine zote. Mkutano ukifungwa, watu hubaki wamesimama wakizungumza, na mgeni huwa ameshafika barabarani. Baki. Omba namba za simu za watu watatu. Katika mikutano mingine karatasi ya namba hupitishwa, lakini karatasi haina sura. Bora namba ya mtu uliyemsikia akisema kitu kilichokugusa. Halafu fanya jambo linaloonekana la kipuuzi: mpigie mmoja wao kesho yake wakati huna shida yoyote, umwambie tu kwamba umejaribu namba. Anayengoja hamu ipande ndipo apige simu ya kwanza maishani mwake kwa mtu asiyemjua, hapigi. Aliyekwisha piga mara mbili kwa salamu, hupiga.

Jihadhari pia na safari ya kurudi. Kusikiliza habari za pombe saa nzima kunaweza kuamsha hamu, jambo ambalo halimaanishi mkutano umekudhuru. Hamu ikiachwa bila kulishwa kwa kawaida hushuka ndani ya dakika 15 hadi 30. Panga njia isiyopita ulipozoea kunywa, na kula kabla ya kwenda, kwa sababu njaa na hamu ya pombe huvaa nguo moja.

Mtandaoni

Mkutano wa mtandaoni humfaa aliye mbali, mlemavu, mlezi wa watoto, na anayeogopa kuonwa akiingia. Kabla ya kubonyeza kiungo, badilisha jina linaloonekana kwenye Zoom; simu nyingi hubeba jina lako kamili, na ukishaingia watu 60 wameliona. Vaa spika za masikioni, maana usiri wa wengine unategemea chumba chako pia. Zima maikrofoni. Kamera si lazima, ila vikundi vingi huomba uiwashe kidogo mwanzoni ili wahakikishe hujaja kuvuruga, kwani wavurugaji wapo. Ujumbe wa faragha kutoka kwa mtu usiyemjua usiujibu siku ya kwanza.

Udhaifu wake ni uleule wa kukaa nyuma karibu na mlango: kutoka ni rahisi mno. Kidole kimoja na umeshaondoka kabla ya zile dakika 10. Baki hadi mwenyeji aseme chumba kitaachwa wazi kwa mazungumzo, na utaje kwamba u mgeni.

Mlezi wako

Katika AA, mlezi, ambaye vikundini huitwa sponsa, ni mwanachama mzoefu anayekupitisha kwenye Hatua na kupokea simu zako. Tafuta mwenye angalau mwaka mmoja bila pombe, ambaye mwenyewe ana mlezi, na ambaye hakuna uwezekano wa mapenzi kati yenu. Usimchague kwa ufasaha wa kusema. Wasemaji hodari si lazima wawe wasikilizaji. Kwanza muulize ana watu wangapi anaowalea, hupokea simu saa ngapi, na anatarajia nini kwako. Unaweza kuomba awe wa muda, wiki 4 kwa mfano, na kumwacha bila ugomvi.

Kazi yake ina mipaka. Hakukopeshi fedha, hakuamulii ndoa, hakupimi dawa. Mlezi anayetaka kuidhinisha kila uamuzi wa maisha yako amevuka mpaka, hata akiwa na miaka 30 bila pombe.

Yanayoharibika

La dawa ndilo la hatari zaidi. Hutokea mwanachama akamwambia mgeni kwamba anayetumia dawa za sonona, au naltrexone na acamprosate zinazopunguza hamu, hajaacha kikweli. Hiyo ni kauli ya mtu, si ya AA. Kijitabu cha AA chenyewe kinasema hakuna mwanachama anayepaswa kujifanya daktari. Kuacha dawa hizo ghafla kwa ushauri wa chumba kumewarudisha watu kwenye chupa na kuwafikisha pabaya zaidi.

La pili ni mzoefu anayemwandama mgeni kimapenzi. Lina jina lake la utani vikundini, Hatua ya 13, na kuwepo kwa jina kunaonyesha si jambo geni. Mgeni yuko dhaifu, anamwamini kila mtu, na mwenzake anajua siri zake zote. Mikutano ya jinsia moja hupunguza hatari. Likitokea, mwambie katibu au mtu mwingine mzoefu. Likipuuzwa, hama kikundi. Kitisho na shambulio ni vya polisi, na usiri wa kikundi hauvizuii.

Kuna pia kikundi kilichochakaa: watu wale wale sita, hadithi zile zile, mmoja anatawala, mgeni hapewi namba. Hakirekebishwi na mgeni. Nenda kwingine. Kanuni ya kuanzia ni mikutano 6 katika vikundi visivyopungua 3, kisha uamue. Desturi ya "mikutano 90 kwa siku 90" utaisikia sana; haimo katika kitabu kikuu cha AA, na inamfaa mwenye nafasi na hali mbaya. Mwenye kazi na watoto akishindwa siku ya 11 asijione ameshindwa kuacha pombe. Mikutano 3 kwa wiki ambayo unabaki hadi mwisho na kupiga simu kati yake ina uzito kuliko 7 ya kukaa nyuma.

Alama za kikundi kinachokufaa ni za kawaida. Kuna angalau mtu mmoja ambaye maisha yake ungeyataka. Wageni wanasemeshwa. Waliorudia pombe wanarudi na kupokewa, badala ya kutoweka. Hiyo ya mwisho iangalie kwa makini, kwani siku moja inaweza kukuhusu. Ukiteleza, hesabu ya siku huanza upya kwenye sarafu, ila uliyojifunza hayafutiki. Nenda mkutano unaofuata, si wa wiki ijayo, useme kwa sentensi moja na unyamaze. Waliokaa nje mpaka wapate maelezo mazuri ya kujitetea hukawia miezi.

Pasipo na kikundi

Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, ili mradi hawakifungamanishi na taasisi nyingine. Ofisi ya AA iliyo karibu hutuma vitabu na kuingiza mkutano kwenye orodha. Kinachohitajika ni chumba chenye mlango unaofungwa, funguo mbili kwa watu wawili tofauti, viti, na maandishi ya ukurasa mmoja ya namna ya kufungua na kufunga. Chumba kilipiwe hata kidogo kuliko kutolewa bure, kwa sababu mwenye chumba cha bure hukihitaji siku asiyotarajia. Chagueni siku na saa mnayoweza kuitimiza wawili tu, kwa miezi 6, bila kungoja wa tatu. Wiki za mwanzo mmoja wenu atakaa peke yake dakika 60 akitazama mlango, na hamu ya kusogeza saa mbele au nyuma itakuja. Msisogeze: anayekuja kwa mara ya kwanza amenakili saa ya zamani, na ndiye atakayekuta kufuli.